Al-Ard iliyotafsiriwa: ng'ombe yuko shimoni, mtafsiri anachekesha

Na filamu yenyewe sina ugomvi. Ni Al-Ard ya Youssef Chahine, ile ya Misri iliyoshindanishwa Cannes mwaka 1970: wakulima wadogo wa miaka ya 1930 dhidi ya bwanyenye anayetaka barabara ipite katikati ya mashamba yao. Ninachokilalamikia ni hili toleo la Kiswahili wanalokurushia kwenye flashi siku hizi, mtafsiri akiongea juu ya picha mwanzo mwisho. Usilipie. Au subiri kwanza nieleze.

Kijiji kinaishi kwa zamu ya maji. Inatoka amri siku kumi ziwe tano. Mtu wa mifongo, ile mifereji ya asili kule Kilimanjaro, hahitaji kuelezwa: zamu ikikatwa nusu, shamba la mwisho halipati nusu, halipati kitu, kwa sababu maji yanaishia kwa walio juu ya mfereji. Na pamba ikikosa maji wakati wa kuchanua, inapukutisha vitumba. Ndiyo maana wanakijiji, badala ya kumfuata mkubwa, wanaanza kupigana wao kwa wao. Fimbo juu, kanzu zinachanika. Katikati ya kipigo hicho ng'ombe anatumbukia kwenye shimo la sakia, lile gurudumu la kupandishia maji. Ugomvi unakatika. Walewale waliokuwa wanapasuana vichwa sasa wanavuta pamoja, bega kwa bega, mpaka mnyama atoke. Hakuna anayehubiri umoja. Chahine anakuachia uone mwenyewe.

Mtafsiri wetu hapo anasema nini? "Oyaa, leo supu ipo!" Halafu anacheka, tena kicheko kirefu. Akimaliza kucheka, ng'ombe ameshatoka.

Kinachoharibika ni hiki. Matoleo haya hutengenezwa kwa kushusha sauti ya filamu kila mtafsiri anapofungua mdomo, na kuipandisha anaponyamaza. Asiponyamaza, haipandi. Kwa hiyo pumzi za wale wanaume, kelele zao, maji, vyote vimezikwa chini ya supu. Na sauti mbili zikishachanganywa kuwa moja si rahisi kuzitenganisha tena nyumbani. Kabla hujatoa hela, fungua faili kwenye VLC, programu ya kuchezea video ya kompyuta, ubonyeze B. Kama kuna sauti ya pili, ya Kiarabu, itabadilika. Isipobadilika, ujue umeuziwa mtafsiri, filamu ni nyongeza. Picha nayo imevutwa ijaze runinga pana, watu wamekuwa wafupi wanene. Hilo linatibika: bonyeza A mara kadhaa mpaka gurudumu la sakia, likionekana ubavuni, liwe duara tena.

Nimtendee haki kidogo. Kwenye mabishano ya watu wengi jamaa ni mzuri kweli: anamtaja anayesema, habadilishi majina, na ile hila ya saini, wanakijiji wanapodhani wanaombea maji kumbe wanaidhinisha barabara, ameieleza vizuri kuliko manukuu ya Kiingereza niliyowahi kuyaona. Hata askari wa ngamia wanapoingia kijijini na kuanza kuzoeana na wenyeji, anatulia. Nilikuwa tayari kumpa nyota tatu.

Halafu anafika kwa Abu Swelam, mkulima mzee wa kijiji. Anachezwa na Mahmoud el-Meliguy, mtu aliyezoeleka kucheza majambazi, na hapa amekaa na wenzake anawakumbusha walivyosimama mwaka 1919, Wamisri walipowaasi Waingereza. Hayo ni maneno ambayo Wamisri wanayajua kwa moyo. Tafsiri yake: "Mzee anasema zamani walikuwa majembe." Basi, nukta. Mzee anaendelea kuongea, macho yamejaa, na huku mtafsiri anatutangazia namba ya simu ya kuagizia filamu nyingine. Mzee huyohuyo amenyolewa sharubu gerezani, na kijijini kwao sharubu si nywele! Hilo nalo hakulisema hata kwa neno moja.

Narudia: usilipie. Ila kama nyumbani kuna mtu mzima asiyesoma manukuu, sioni njia nyingine ya kumfikishia filamu hii, na hilo ndilo linaloniudhi zaidi. Mnunulie, kisha kaa naye, ushike rimoti. Kwenye tukio la sakia, zima sauti kabisa. Zima tena mwishoni, pamba ikiwa imekomaa na Abu Swelam amefungwa mguu, anaburutwa na farasi, vidole vinang'ang'ania udongo na mashina ya pamba, damu inaingia ardhini. Pale hapahitaji mtafsiri wa lugha yoyote.

Usipozima utamsikia juu ya ile mikono: "Usikose sehemu ya pili!"

Haina sehemu ya pili. Nyota moja, na hiyo ni ya ng'ombe.