Programu ya marudio iliyonikosesha alama kwa jibu sahihi

Nilijiunga na programu hii ya kurudia historia ya dunia, Zama za Kati hadi leo, mtihani ukiwa umeshanikaribia. Mtu aliyechelewa hachagui sana, kwa hiyo sikuja kutafuta makosa. Lakini hili lililonipata hapana, siwezi kulinyamazia.

Jaribio la karne ya 20. Swali: kwa kalenda tunayotumia leo, Wabolsheviki (wakomunisti wa Urusi) walitwaa madaraka Petrograd, mji mkuu wa Urusi wakati ule, mwezi gani mwaka 1917? Nikajaza Novemba. Nyekundu! Chini yake wameandika: jibu ni Oktoba, ndiyo maana yanaitwa Mapinduzi ya Oktoba. Jamani, swali limelisoma nani? Urusi wakati ule ilifuata kalenda ya Juliasi, iliyokuwa nyuma kwa siku 13. Oktoba 25 yao ni Novemba 7 yetu. Hata Mapinduzi ya Februari, kwa kalenda yetu yaliangukia Machi.

Nikalipeleka kwenye kipindi mubashara, kwa adabu zote, "samahani mwalimu" ikitangulia. Akacheka. "Jina linasema Oktoba, wewe ndugu unataka likwambie nini tena?" Nikaanza kueleza kwamba Urusi ilibadili kalenda mwaka 1918, kwamba baada ya Januari 31 waliamka Februari 14. Sikufika mwisho. Kanizimia kipaza sauti! Nimelipa pesa yangu nije kuzimwa kama redio?

Tangu siku hiyo kila kitu chao kinanikera. Ile sauti ya kengele ukikosea. Ramani zinazochukua muda kufunguka. Sijui, labda zilikuwa hivyo tangu mwanzo na mimi sikujali.

Kusema kweli, somo la tauni iliyoingia Ulaya mwaka 1347 ni zuri mno, linafundishwa na mwalimu mwingine. Hakukutajia vifo akaondoka. Alionyesha jinsi watu walivyopukutika, vibarua wakaadimika, waliobaki wakaanza kudai ujira wa maana. Uingereza ikatunga sheria mwaka 1351 kuubana ujira huo, baadaye wakalundikiwa kodi ya kichwa, na mwaka 1381 wakulima wakaasi. Miaka yote nilikuwa nakariri tarehe hizo kama namba za simu, siku hiyo ndiyo nikaona zinavyoshikana. Nililisikiliza mara tatu.

Na haya mambo ya kalenda nayajua leo kwa sababu ya hasira. Usiku ule sikulala, nikasoma mpaka kwa Papa Gregori wa 13, aliyeanzisha kalenda tunayotumia leo, na zile siku 10 zilizorukwa mwaka 1582 ili kuianza. Kwa hiyo wamenifundisha? Hapana, siwapi sifa hiyo.

Nyota moja. Haya, mbili, kwa ajili ya tauni. Basi hata tatu, yule mwalimu anastahili.

Nimerudi kulifungua lile jaribio sasa hivi, nikiwa naandika. Bado linasema Oktoba. Nyota moja.