Mfuko wa kitambaa unaofunguka ubavuni: tathmini ya kuhamishia mmea mkubwa wa bangi kutoka ndani hadi bustanini

Kwa mkazi wa Ontario, Kanada, anayeotesha bangi kwa kufuata sheria, mwezi wa Mei huja na swali gumu: mmea uliokulia chumbani chini ya taa hadi ukafika kimo cha kifua utatolewaje nje bila kuumia? Kifaa ninachokitathmini hapa ni mfuko wa kupandia wa kitambaa kizito, wenye ujazo wa lita 38, mishikio miwili, na ubavu unaofunguka kwa velkro (ukanda unaojishika na kubanduliwa) kuanzia mdomoni hadi karibu na kitako. Nimeutumia kwa kazi hiyohiyo uliotengenezewa, na naona umuhimu wake mkubwa hauko pale ambapo wauzaji wengi wanapasifia.

Kwanza sheria. Kanada iliruhusu bangi kwa watu wazima tarehe 17 Oktoba 2018, na kwa Ontario kaya moja inaweza kuwa na mimea isiyozidi 4, iwe wanaishi watu wazima wawili au watano, mradi mbegu au miche imepatikana kwa njia halali. Mikoa haifanani: Quebec inakataza kabisa kuotesha nyumbani, na British Columbia hairuhusu mmea uonekane kutoka mahali pa umma. Tanzania na Kenya kuotesha bangi ni kosa la jinai, kwa hiyo msomaji aliye huko asiyachukue maelezo haya kama ruhusa, ingawa mfuko wenyewe unafaa vilevile kwa mlimau au mti mwingine wowote unaokaa chunguni.

Sifa inayoandikwa kwanza kwenye maelezo ya bidhaa ni mizizi, na sifa hiyo ni ya kweli. Katika chungu cha plastiki mzizi ukifika ukutani hugeuka na kuanza kuzunguka, na mmea wa miezi mingi hatimaye huwa na bonge la mizizi iliyojisokota ambayo hukawia kuingia katika udongo mpya. Kitambaa hupitisha hewa, hivyo ncha ya mzizi ikifika pembeni hukauka, na mzizi hutoa matawi nyuma ya ncha hiyo. Nilipoifungua velkro wakati wa kupanda niliona jambo hilo waziwazi: bonge lilisimama lenyewe bila kumomonyoka, na upande mzima ulijaa vijizizi vyeupe vyembamba vilivyosimama wima kuelekea nje, bila hata mmoja ulionenepa na kuzunguka. Hakukuwa na haja ya kuupindua mmea wala kuuvuta shina, na kwa mmea mzito kufanya hivyo ni kukaribisha mashina kuvunjika.

Hata hivyo, kama ningeulizwa ni sehemu gani ya mfuko huu inayostahili fedha, ningetaja mishikio kabla ya velkro. Hatari kubwa ya kuhamisha mmea wa ndani ni mwanga. Jua la mchana wa Juni lililo wazi hufikia takriban mikromoli 2,000 kwa kila mita ya mraba kwa sekunde (kipimo cha mwanga unaotumiwa na mmea), ilhali taa nyingi za LED za nyumbani hurekebishwa zitoe kati ya 600 na 900, tena nyingi hazitoi mionzi ya urujuanimno. Majani yaliyokomaa chini ya taa hizo hayana kinga ya kutosha. Yakipigwa na jua la mchana siku ya kwanza, yale ya juu hupauka na kuwa na rangi ya fedha katikati ya mishipa, kisha hukauka, wala hayarudi kuwa ya kijani. Dawa yake ni kuuzoesha mmea kidogo kidogo kwa muda wa siku 7 hadi 14: saa moja au mbili kivulini, kisha jua la asubuhi, kisha jua la mchana chini ya neti ya kivuli, na kuurudisha ndani kila jioni usiku unapokuwa na baridi chini ya nyuzi 10. Hiyo maana yake ni kuubeba mmea kutwa mara mbili. Mfuko wenye mishikio iliyoshonwa vizuri ndio unaoifanya kazi hiyo iwezekane kwa watu wawili, na mtu asiye na mishikio hushawishika kuuacha mmea nje kabla ya wakati. Uzito usidharauliwe, kwa maana lita 38 za udongo uliolowa huweza kupita kilo 30. Ni vyema kumwagilia baada ya kuhamisha, si kabla.

Karatasi iliyokuja na mfuko nilioununua ilidai kwamba mmea unaweza kwenda bustanini siku hiyohiyo. Dai hilo linapotosha, na muuzaji anapaswa kuliondoa. Mizizi inaweza kuwa tayari siku hiyo, lakini majani hayako tayari, na hata shina lililokua mahali pasipo upepo linahitaji muda wa kuyumbishwa ili linenepe.

Mfuko pia hausaidii chochote kuhusu urefu wa siku. Mmea unaopewa saa 18 za mwanga ndani, ukitolewa ghafla mwanzoni mwa Mei wakati mchana wa kusini mwa Ontario una takriban saa 14, unaweza kudhani kiangazi kinaisha na kuanza kutoa maua, kisha siku zikirefuka urudi kwenye majani na kupoteza wiki nyingi. Nashauri saa za taa zipunguzwe polepole hadi zikaribie saa 15, na kupanda kufanyike baada ya hatari ya jalidi kupita, ambapo wakulima wengi wa bustani huku husubiri angalau hadi mapumziko ya Victoria Day, sikukuu ya Kanada ya nusu ya pili ya Mei. Kabla ya hapo kagua upande wa chini wa majani kwa kioo cha kukuza, kwani utitiri wa ndani ukitoka na mmea utahamia kwenye nyanya za jirani.

Kasoro za mfuko zipo. Velkro ikiingiwa na mboji hushika kwa ulegevu, na ni lazima isuguliwe kwa brashi kavu kabla ya kujazwa tena. Niliponunua, mshono wa chini wa ukanda huo ulikuwa tayari umeanza kuachia nyuzi. Kitambaa hutoa chumvi nyeupe ya mbolea upande wa nje na hulowesha sakafu, kwa hiyo ndani unahitaji sinia pana. Nje, upepo ukivuma, udongo hukauka upesi kuliko katika plastiki.

Anayekusudia kuupanda mmea ardhini, katika shimo lenye kina sawa na mfuko na upana unaouzidi, atapata thamani ya bei iliyoongezeka kwa ajili ya velkro. Anayetaka uendelee kuishi mfukoni hadi mavuno ya mwisho wa Septemba au Oktoba anunue usiofunguka, wa lita 57, achunguze tu kwamba mishikio imeshonwa kuzunguka hadi chini ya kitako na si juu ya ukingo peke yake.