Helios kwa uchaguzi wa bodi: kura zitahesabiwa sawasawa, majina je?

Asasi ikitafuta mfumo wa kupigia kura mtandaoni, swali la kwanza huwa: unaweza kuchezewa? Kwa Helios jibu linatia moyo. Ni ya bure, msimbo wake uko wazi kwa yeyote, Ben Adida aliitangaza mwaka 2008, na mwaka uliofuata Chuo Kikuu cha Katoliki cha Louvain, Ubelgiji, kiliitumia kumchagua mkuu wake. Ila uchaguzi wa bodi huharibika mapema, wakati wa kupendekeza majina, na huko Helios haina hata kitufe kimoja.

Kwenye kura yenyewe inasifika kwa haki. Kivinjari husimba kura, yaani huigeuza isisomeke bila ufunguo wa siri, kabla haijatoka kwenye kompyuta yako, kisha hukupa alama ya kuifuatilia, ambayo utaikuta kwenye ubao wa kura zilizopokelewa. Mwenye shaka anaweza kuifungua kura yake na kuikagua kabla ya kuituma. Iliyokaguliwa haitumiki tena, anajaza nyingine. Mwisho kura hujumlishwa zikiwa bado zimesimbwa, kinachofunguliwa ni jumla tu. Ukipiga mara mbili, ya mwisho ndiyo huhesabiwa. Hata hivyo, hakuna programu inayomzuia mtu kusimama nyuma ya kiti chako, kwa hiyo penye vitisho msiitumie.

Angalieni sana funguo. Msipogusa kitu, Helios yenyewe ndiyo hutunza ufunguo wa kufungulia matokeo, na inabidi muiamini. Mkiongeza watunza funguo wenu, kila mmoja lazima awepo siku ya kuhesabu. IACR, chama cha kimataifa cha watafiti wa usimbaji, kinachochagua bodi yake kwa Helios tangu 2010, kiliumia hapo mwaka 2025: kati ya watunza funguo watatu mmoja aliupoteza wake, matokeo hayakufunguka, uchaguzi ukarudiwa. Kama wataalamu wenyewe wa fani hiyo yamewakuta, katibu wenu hatasalimika kwa bahati. Kila mtunza ufunguo aweke nakala mbili sehemu tofauti, na kabla upigaji kura haujaanza aingie kwenye ukurasa wake kuhakiki kwamba ufunguo alionao ndio wenyewe.

Ukiandika swali, utaulizwa idadi ya chini na ya juu ya majina ya kuchagua. Chini wekeni 0. Mkimlazimisha mtu achague watatu kamili, atampa kura asiyemtaka ili tu fomu ipite. Juu watu huweka idadi ya viti bila kuwaza, na hapo kuna mtego: viti 3, wapiga kura 100, kundi la watu 51 wenye orodha moja linachukua viti vyote 3, na wale 49 hawaambulii kitu. Kama katiba yenu inataka walio wachache nao wapate sauti, mnahitaji kura ya kupanga wagombea kwa namba, 1, 2, 3, yenye kuhamisha kura: isiyohitajika tena kwa mgombea mmoja huenda kwa anayefuata kwenye orodha ya mpiga kura. Kwa hesabu hiyo kiti kinahitaji kura 26, yaani zaidi ya robo ya zile 100, na wale 49 wakishikamana wanapata kimoja. Helios haifanyi hivyo, OpaVote, mfumo mwingine wa kura mtandaoni, inafanya.

Daftari la wapiga kura hupakiwa kama faili la CSV, jedwali la maandishi matupu, mstari mmoja kwa kila mwanachama. Mfumo hautambui kwamba mtu aliyeandikwa kwa namba mbili na barua pepe mbili ni yule yule. Atapata kura mbili halali kabisa. Mume na mke wanaotumia barua pepe moja nao watapokea nywila zote mbili kwenye sanduku moja. Fungeni daftari kwa tarehe inayojulikana, kila mwanachama ahakikishe taarifa zake, ndipo mpakie.

Kuhusu majina, kanuni ziandikwe kabla hata ya kufungua akaunti. Viti vingapi, sifa zipi, mwisho lini na saa ngapi, kwa saa za wapi. Kamati ya uteuzi isiwe na mgombea ndani yake, na isiwe mlango pekee: mwanachama anayeungwa mkono na idadi fulani ya wenzake, tuseme kumi, aingie kwenye karatasi bila kamati kumpitisha. Kila mgombea akubali kwa maandishi. Maelezo yao yawe na ukomo mmoja wa maneno na yatoke siku moja. Ukishafunga karatasi ya kura kwenye Helios huwezi kugusa jina tena, basi rufaa zote ziishe kabla ya hapo. Washeni chaguo la kuchanganya mpangilio wa majina, maana wa juu hubebwa na nafasi yake.

Matokeo yakitoka mtaona idadi ya kura tu. Wawili wakifungana kwa kiti cha mwisho Helios haitawaamulia, na kanuni ya kuamua kati ya waliofungana mkiitunga usiku ule, aliyeshindwa ataipinga, na atakuwa na hoja.