Chupa ya unga wa 12A: nimejaza katriji mwenyewe mara tatu

Printa yangu ni HP LaserJet 1020 ya mtumba, na ndiyo inayosomesha wanangu. Nachapa mitihani ya shule tatu za msingi hapa Tanga, kwa hiyo katriji ikiisha wiki ya mitihani sina pa kujificha. Inatumia katriji ya 12A, lile kasha la ndani lenye unga mweusi wa kuchapia, yaani tona. Ile halisi ya kiwandani huhesabiwa kutoa kurasa 2,000, lakini hesabu hiyo ni ya ukurasa ambao wino umefunika asilimia 5 tu. Mtihani wa Sayansi wenye mchoro wa ua na mchoro wa utumbo unakula zaidi ya hapo.

Nilichonunua ni chupa ya unga ya gramu 100, imeandikwa 12A/303 kwa sababu katriji hiyo na Canon 303 zinatumia unga mmoja. Nililipa shilingi 10,000 kwenye duka la vifaa vya kompyuta Ngamiani. Kijana wa dukani aliniamkia vizuri, akaniambia, "Mama, hii unamimina tu, unatikisa, unaendelea na kazi." Hapo ndipo ninapotofautiana naye, na ndiyo sababu ya kuandika haya.

Kabla ya hapo nilikuwa napeleka kwa fundi. Mara ya mwisho alitoboa tundu kwa chuma cha moto, akamimina unga, akaziba kwa selotepu. Vipande vya plastiki vilivyoyeyuka vilidondokea ndani, kimoja kikakwama kwenye kile kisu kinachosawazisha unga juu ya rola. Kila karatasi ikatoka na mstari mweupe mwembamba kutoka juu hadi chini. Baada ya wiki mbili unga mchafu ukaanza kuvuja juu ya mitihani ya darasa la nne. Nilichapa upya karatasi zote kwa gharama yangu.

Katriji hii ina vyumba viwili. Kimoja kinatunza unga mpya, kingine kinapokea mabaki yanayokwanguliwa kwenye dramu, bomba linalopeleka unga kwenye karatasi, baada ya kila ukurasa. Ukijaza kile cha kwanza bila kumwaga cha pili, mabaki yanajaa mpaka yanakosa pa kwenda, yanamwagikia kwenye karatasi na ndani ya printa. Kwenye chupa niliyonunua hakuna hata neno moja juu ya hilo. Hakuna karatasi ya maelekezo kabisa, na kwa bidhaa inayouzwa kwa watu wa nyumbani hilo ni kosa kubwa.

Mimi nafanyia uani, asubuhi kabla upepo wa bahari haujaanza. Ukifanyia ndani, zima feni kwanza. Natandika magazeti, navaa barakoa na glavu. Zile nusu mbili za katriji zimeshikwa na pini ndogo za chuma, nazitoa kwa plaizi taratibu. Dramu, ile bomba yenye rangi ya kijani au buluu, naishika kwenye ncha zake tu na kuifunga mara moja kwenye khanga nyeusi, maana mwanga unaiharibu na alama ya kidole inabaki kwenye kila ukurasa. Kisha nafungua skrubu mbili za kisu kingine, kile kinachokwangua dramu, nakiinua, na kumwaga mabaki kwenye mfuko wa plastiki. Mara ya kwanza yalitoka mengi mno! Mabaki hayo usiyarudishe, yana vumbi la karatasi. Upande wa unga nao hauhitaji kutobolewa: ukitoa kifuniko cha pembeni unakutana na kizibo cha plastiki. Mdomo wa chupa ni mpana kuliko tundu hilo na haiji na faneli, kwa hiyo nakunja karatasi ngumu ya jalada.

Ukimwagikiwa, nawa kwa maji baridi. Tona ni plastiki iliyosagwa, maji ya moto yanaigandisha kwenye nguo. Wala usitumie mashine ya kawaida ya kufyonza vumbi, chembe zake ni ndogo mno, zinapita kwenye chujio na kutapakaa nyumba nzima.

Unga wenyewe naupenda. Weusi wake umekolea, herufi ndogo za ukubwa wa 9 zinasomeka, na weupe wa karatasi unakuwa na ukungu kidogo kwenye kurasa kumi za mwanzo tu. Chupa ya kwanza ilinipa rimu tatu na karatasi kama 120. Chupa ya pili niliichukua duka jingine, pungufu kwa shilingi 3,000, na nilijuta: herufi zilifutika kwa kidole kwa sababu unga haukuyeyuka vizuri ukapata kushika. Nikaimwaga yote, nikarudi Ngamiani kuchukua ile ya mwanzo.

Kwa mwenye 12A, chupa hii nainunua tena bila kusita, na kwa kazi yangu naipa nne kati ya tano. Katriji hii haina chipu ya kuitambulisha kwa printa, kwa hiyo printa haikatai. Mwenye printa ya 17A asikimbilie kuiga, ile ina chipu, na dramu yake imetengwa kabisa na unga.

Sasa niko kwenye mjazo wa tatu na nukta nyeusi imeanza kujirudia pembeni mwa ukurasa. Nimeipima kwa rula, ni kila baada ya sentimita 7.5, ambao ndio mzingo wa dramu. Unga hauna kosa hapo, dramu imekwaruzika, na Jumamosi naenda kununua nyingine kabla mitihani ya muhula haijaanza.