Tangi la dizeli la boti yangu limesafishwa mara mbili, mara moja ndiyo imefaa

Injini ilizimika mara tatu katika safari moja, na kila mara tulikuwa kwenye mawimbi. Gatini ilikuwa ikiunguruma vizuri tu. Uchafu ulituama chini ya tangi. Boti ikiyumba, unatibuka, unavutwa hadi kwenye filta na kuiziba. Nilibadilisha filta baharini na kutoa hewa kwenye njia ya mafuta huku mkondo ukitusukuma kuelekea miambani. Niliogopa sana.

Huduma ya kwanza niliyoita ilikuwa ya kuchuja mafuta. Walitumbukiza mpira kwenye tundu la kujazia, pampu ikavuta dizeli, ikapita filta ya mikroni 10 (mikroni ni sehemu ya elfu ya milimita), kisha ya mikroni 2, ikarudi tangini. Baada ya saa chache mafuta yalikuwa maangavu hadi unaona kidole chako nyuma ya chupa. Nikaridhika. Wiki tatu baadaye filta ikaziba tena.

Kumbe tangi langu lina kuta ndani, zile bati za kuzuia mafuta yasiyumbeyumbe, na mpira ulifika chumba kimoja tu. Walisafisha mafuta, tangi wakaliacha vilevile. Wangepaswa kuniambia.

Fundi wa pili aliuliza kwanza kama tangi lina mifuniko ya ukaguzi. Alihamishia mafuta kwenye mapipa, akaachia hewa ipite, ndipo akafungua na kunipa tochi. Kwenye kona kulikuwa na utando mweusi unaoteleza; alipouinua kwa kijiti ulining'inia kama ngozi mbichi, haukukatika. Hao ni bakteria na kuvu, wanaishi pale maji yanapokutana na dizeli. Maji yenyewe yalipitia kwenye mfuniko wa tundu la kujazia, pale sitahani, mpira wake wa kuziba ulikuwa umepasuka. Unyevu wa hewa nao hugeuka matone ya maji ndani ya tangi lisilojaa.

Alinyonya maji yote, akakwangua kila chumba kwa kipande cha plastiki ili asichubue alumini, akapangusa kwa vitambaa visivyoacha nyuzi. Chini ya utando tulikuta vishimo vidogo vya kutu, bado havijatoboa. Dawa ya kuua vijidudu aliitia mwishoni. Nilikuwa nimeshaitia tangini mimi mwenyewe mapema, na alinieleza kwamba utando uliokufa hauyeyuki, unabomoka na kwenda kuziba filta.

Lawama yangu kwake ni moja: hakuja na gasketi mpya za mifuniko, yaani vipande vya kuziba visivujishe, kwa hiyo kazi ya siku moja ikawa siku mbili.

Ukiita mtu, muulize kabla ya yote kama atafungua tangi na kufikia kila chumba. Akikujibu kwamba kuchuja kunatosha, tafuta mwingine. Nimeshatembeza injini saa 40 tangu siku ile, nyingine kwenye bahari chafu, na bakuli la kioo la kutenganisha maji bado halina hata tone chini yake.