TAHADHARI: Shingadi "nyepesi" za baiskeli zinazouzwa mitandaoni Mombasa, ndani ni povu la ndala

Ndugu zangu mnaoendesha baiskeli za milima hapa Mombasa, Kilifi na Kwale, chondechonde, kabla hujatuma pesa ya shingadi, yaani kikinga cha muundi, soma hii yote.

Mpwa wangu ana miaka 16. Jumamosi mbili zilizopita tulikuwa tunashuka njia ya mawe upande wa Rabai. Usiku mvua ilikuwa imenyesha, na ule udongo mwekundu ulikuwa umemganda kwenye soli. Mguu wa kulia ukateleza. Aliyezoea pedali bapa, zile zenye pini ndogo za kushika soli, anajua kinachofuata: pedali ilizunguka ikarudi na pini zake zote, ikamtwanga kwenye muundi. Alikuwa amevaa shingadi nilizomnunulia mimi wiki moja kabla. Pini nne zilipenya kama zinaingia kwenye mkate wa sinia. Nilipomvua, kitambaa kilikuwa kimeshikana na nyama. Alishonwa nyuzi saba na kudungwa sindano ya pepopunda, na mamake bado ananiuliza nilimnunulia kitu gani.

Muuzaji simtaji jina, lakini mwendo wake ni huu, na akikufikia utamjua. Ukurasa wake una picha nzuri mno, ila ukitazama nyuma ya waendeshaji utaona misonobari na ukungu, nchi za watu. Bei ni shilingi 3,800 kwa jozi. Ukimuuliza uzito anajibu papo hapo: gramu 160 kila moja. Ukimuuliza ndani kuna nini, anakwambia ni D3O, ile povu laini inayokuwa ngumu ikigongwa. Duka anasema liko mjini, karibu na Barabara ya Digo, ila ukisema unakuja kujionea, siku hiyo wanapanga stoo, "tutakuletea na boda." Kisha anakuambia till ina hitilafu, utume kwa namba ya kawaida. Kabla sijathibitisha, simu ilinionyesha jina la mwenye namba, na lilikuwa jina la mtu, halihusiani kabisa na la duka. Nililiona kwa macho yangu, na bado nikabonyeza. Hapo ndipo naomba wewe usimame.

Mzigo ulifika Tudor jioni, umezungushiwa selotepu tabaka juu ya tabaka. Nilimlipa mtu wa boda, akaenda zake, nami nikaufungua baadaye. Baada ya ajali nilimpigia muuzaji. Akasema mali ikishatoka hairudi, kisha akanifungia njia zote za kumpata.

Jana usiku nilizipasua kwa wembe juu ya meza. Kitambaa cha nje ni chembamba kama soksi ya shule. Chini yake kuna kipande cha povu kilichokatwa kwa kisu butu, kingo zake zimejaa meno. Juu kimepakwa rangi ya chungwa, kwa sababu D3O wengi tunaijua kwa rangi hiyo. Nililowesha kidole nikasugua; rangi ikabaki kidoleni na buluu ikatokea. Nilipokigeuza, upande wa pili ulikuwa bado na ile michoro ya chini ya ndala. Soli ya ndala iliyokatwakatwa, ndugu zangu. Hiyo ndiyo niliyomfunga mtoto mguuni nikamwambia ashuke bila hofu.

Sasa, kitu halisi kipo. D3O ilibuniwa Uingereza mwaka 1999, na ziko kampuni nyingine zenye povu za namna hiyo. Ukitaka kuelewa zinavyofanya kazi, chukua konifulawa uikoroge na maji kidogo mpaka iwe nzito. Tia kidole polepole, kinazama. Ipige ngumi, inakukatalia. Povu hizi ni hivyo hivyo: zinafuata mguu unapokanyaga, na pigo la ghafla likija zinakaza na kulisambaza eneo pana. Ndiyo maana shingadi inaweza kuwa nyepesi na bado ikakinga. Na kwa joto letu hakuna anayetaka kubeba plastiki nzito na neopreni nene mpaka jasho lijae kiatuni. Mimi sipingi wepesi hata kidogo. Ninachopinga ni mtu kukuuzia wepesi peke yake, kwa kuwa soli ya ndala nayo ni nyepesi.

Kwa hiyo ukiishika mkononi, ibonyeze polepole kwa kidole gumba, kisha iweke juu ya goti lako na uigonge kwa kifundo cha ngumi, haraka. Halisi utahisi imegeuka. Ile yangu ilikuwa laini vilevile mara zote mbili, na goti liliuma. Mtihani huu unachukua nusu dakika na ungemwokoa mpwa wangu.

Halafu tafuta maandishi kwenye kikinga chenyewe, si kwenye mfuko. Shingadi nyingi nzuri za baiskeli hupimwa kwa kiwango cha Ulaya cha vikinga vya waendesha pikipiki, EN 1621-1. Huangushiwa uzito wenye nishati ya juli 50, na nguvu inayopenya kwa wastani isizidi kilonyutoni 35 kwa daraja la 1, au 20 kwa daraja la 2. Daraja lazima liandikwe. Kwa sisi wa pwani tafuta pia alama ya T+, maana yake kimepimwa na kwenye joto la nyuzi 40. Baadhi ya povu hizi hulegea zikipata joto, na buti la gari letu saa nane mchana mnalijua. Yangu ilikuwa na stika imeandikwa "EN1621" basi, bila daraja, na iling'oka kwa ukucha.

Hata hivyo kipimo hicho ni cha pigo butu. Pini ya pedali inachoma. Angalia kitambaa cha mbele kiwe kigumu, kisichopenyeka kirahisi, au kuwe na gamba jembamba la plastiki juu ya povu. Hili watu wengi hawaliulizi, na ndilo lililomtoa mpwa wangu damu.

Kama bei ya shingadi halisi ni kubwa kwako, shingadi ya mpira wa miguu yenye gamba gumu, hata ya mtumba, ni bora mara kumi kuliko nilichouziwa. Inafunika sehemu ndogo na inaweza kuzunguka, kwa hiyo ifunge vizuri chini na juu. Lakini gamba linazuia pini.

Kuhusu pesa ya M-Pesa: 456 ni namba ya Safaricom ya kurudisha iliyotumwa kwa namba isiyo yenyewe. Mimi namba sikuikosea, nilidanganywa, na hiyo ni kesi nyingine. Namba ya tapeli nimeipeleka 333, ile ya Safaricom ya kuripoti utapeli, na ripoti nimeandika polisi, pamoja na ujumbe wa muamala na mazungumzo yote. Msifute mazungumzo yenu.

Zile nilizouziwa ni nyeusi, zina mshono mwekundu pembeni na ukanda mmoja tu juu ya shavu la mguu. Kama unazo, au umemnunulia kijana wako, zipasue leo kabla ya Jumamosi, na ukikuta buluu chini ya rangi ya chungwa niandikie. Tuko watatu tayari, na tunataka twende kituoni pamoja.