Bamba la kaburi la kijana kutoka karakana ya Mwanga, Kigoma: sura imetoka, msingi umeharakishwa

Kijana akifariki na miaka 24 haachi picha nyingi za kuweka kwenye jiwe. Zilizopo ni za simu: yuko na wenzake, kavaa jezi, jua liko mgongoni. Ndiyo maana kazi ya bamba la kijana hupimwa kwanza usoni, na hapo karakana hii ndogo ya Mwanga inastahili sifa zake zote.

Bamba lenyewe ni graniti nyeusi, sentimita 40 kwa 60, unene sentimita 2. Marehemu alikuwa fundi wa injini za boti kule Kibirizi. Picha yake imechorwa kwa leza, ambayo haipaki rangi. Inachoma ule mng'aro wa juu wa jiwe, palipochomwa pakabaki peupe kama majivu, kwa hiyo hakuna wino wa kuliwa na jua. Ukiinama karibu unaona mshono wa kola, na kovu dogo juu ya nyusi ya kushoto. Makovu kama hilo mara nyingi hufutwa kwenye kompyuta, eti marehemu apendeze. Hawa wameliacha, na wamefanya vyema mno, maana bila lile kovu mama yake angeletewa mtoto wa mtu mwingine.

Picha ya kupeleka itumwe WhatsApp kama dokumenti. Ikitumwa kama picha ya kawaida, inabanwa na kupoteza ubora. Kwa sura ya sentimita 13 kwa 18 tafuta faili lenye pikseli zisizopungua 1,500 kwa 2,100. Uso uliokatwa kutoka picha ya kundi unaweza kuwa na pikseli 300 tu, na kwenye jiwe utaonekana kana kwamba kijana yuko nyuma ya chandarua. Jua likiwa mgongoni mwake, uso hutoka na giza na kuzama kwenye jiwe jeusi. Lazima ung'arishwe kwanza, na fundi akuonyeshe jaribio kwenye kipande cha jiwe kabla hajagusa bamba. Hapa wanakubali ukiomba. Usipoomba, hawasemi. Zile stika za plastiki zinazobandikwa juu ya kigae ni rahisi kwa bei, lakini jua huzififisha, kingo zikainuka na maji yakaingia.

Herufi zimechimbwa kina cha kama milimita 2, zikajazwa rangi nyeupe ya mafuta. Rangi ikichakaa, mfereji unabaki na unaweza kupakwa upya. Kosa la kuogopa hapa ni la jina. Majina ya Kiha yanayoanza na Nt au Nz hupachikwa irabu katikati na mchapaji asiyeyazoea, na graniti haina kifutio. Andika jina kwa herufi kubwa kwenye karatasi, watu wawili wa ukoo wasaini. Mwaka wa kuzaliwa nao ukubaliwe nyumbani kwanza, kwani cheti cha kuzaliwa, cha shule na kitambulisho cha taifa wakati mwingine havilingani.

Maneno yao ya kawaida ni “Pumzika kwa amani” na aya fupi. Ongezeni mstari wa kazi yake. Hili limeandikwa “Fundi wa injini za boti, Kibirizi”, na mtu asiyemjua akipita pale anaelewa mikono ile ilikuwa ya nani. Kwa familia za Ujiji zisizopenda picha wala kujengea, wanatengeneza kibao kifupi cha jina na tarehe, safi kabisa.

Kasoro yao iko kwenye kujengea. Kaburi lilijengewa mwezi wa pili tangu maziko, mvua zikiendelea. Udongo wa shimo ulikuwa bado haujashuka, na ufa tayari umepita upande wa miguu. Subiri mvua za msimu mzima zipite, kisha ujenge kati ya Juni na Septemba. Zege la msingi likalie ardhi ambayo haijachimbwa, sentimita 30 nje ya ukingo wa shimo kila upande. Likikalia kifusi tu, litakifuata kikishuka. Mchanganyiko uwe saruji 1, mchanga 2, kokoto 4, nondo za milimita 10 kila sentimita 20, na limwagiliwe maji siku 7. Hapa lilimwagiliwa siku 2. Bamba nalo limebandikwa kwa madonge matano ya saruji, nyuma kuna uwazi, na ukiligonga linalia kama debe. Gundi ya vigae ienezwe nyuma nzima.

Bei yao ni ya bamba tu. Saruji, nondo na usafiri hadi makaburini ni juu yako. Bamba nunueni kwao bila wasiwasi. Zege mpeni fundi mwingine, na mmoja wa familia asimame pale tangu koleo la kwanza.